Pilates Nje ya Mkeka: Namna ya Kuiingiza Katika Siku Yako

Ukimtajia mtu Pilates, mara nyingi kinachomjia akilini ni chumba cha vioo, mashine yenye springi na mikanda, na watu wembamba wanaojikunja watakavyo. Taswira hiyo imewakimbiza watu walewale ambao mazoezi haya yangewafaa kuliko wote: anayekaa kitini kutwa na kiuno kinamkaza kila akiinuka, mzee aliyeanza kushika ukuta anapovaa suruali, mama ambaye tangu ajifungue anahisi tumbo limepoteza nguvu. Sehemu kubwa ya Pilates hufanyika sakafuni bila kifaa chochote. Na kwa maoni yangu, faida yake kubwa huonekana baadaye, ukishaondoka hapo sakafuni: unapoinua mzigo, unapopanda ngazi, unapokaa mbele ya kompyuta saa tatu mfululizo. Kwa hiyo tutajifunza mazoezi machache, kisha tutayatoa mkekani.

Unachokwenda kujifunza

Joseph Pilates, aliyeyabuni mazoezi haya, alizaliwa Ujerumani mwaka 1883, na utotoni aliandamwa na maradhi, pumu na matege yakiwemo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta Uingereza, akawekwa kizuizini pamoja na Wajerumani wenzake, na katika kambi ya Knockaloe, kwenye kisiwa cha Isle of Man kati ya Uingereza na Ireland, aliendelea kuunda mazoezi yake. Miaka ya 1920 alihamia New York, ambako yeye na mwenzake Clara waliendesha studio iliyojaa wacheza dansi, wengi wao wakiuguza majeraha. Mazoezi yake aliyaita Kontrolojia, kwa kuwa alichokitaka ni mtu autawale mwili wake. Kitabu alichotoa mwaka 1945 kina mazoezi 34 ya sakafuni, na mengi kati ya hayo anayeanza hapaswi kuyagusa.

Historia hii ina kazi. Inakuonyesha kwa nini hesabu za Pilates ni ndogo na mwendo wake ni wa taratibu. Ukirudia zoezi mara sita huku ukijua kila mara ni msuli gani unaobeba kazi, umefanya Pilates. Ukirudia mara arobaini kwa pupa, umechoka tu.

Misuli inayolengwa ni ile usiyoiona kwenye kioo: msuli wa ndani kabisa wa tumbo unaozunguka kiuno, misuli midogo inayoshikilia pingili za mgongo moja moja, misuli ya sakafu ya nyonga, na kiwambo, yaani msuli mpana ulio chini ya mapafu. Hufanya kazi kwa ushirikiano. Ukivuta pumzi, kiwambo hushuka na sakafu ya nyonga hulegea kidogo kuelekea chini. Ukitoa pumzi, vyote hupanda, na tumbo la ndani hukaza kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana mwalimu mzuri wa Pilates huzungumzia pumzi kabla hajataja mguu wala mkono.

Faida zake ni za kawaida lakini zina uzito: mgongo unaokunjika na kunyooka bila kulalamika, mizani bora ya mwili, mkao usiochosha mabega, tumbo linalosaidia kiuno kazini. Kuhusu maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2015 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliona kwamba Pilates husaidia kuliko kutofanya chochote au kufanya kidogo sana, ingawa hayakupata ushahidi thabiti kwamba inayashinda mazoezi mengine. Mimi naona hilo ni jibu la kutosha. Zoezi bora la kiuno ni lile utakaloendelea nalo, na watu wengi huendelea na Pilates kwa sababu haiwaachi hoi.

Lakini usiipe kazi isiyo yake. Pilates ya sakafuni haiendeshi moyo mbio vya kutosha. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya nguvu ya wastani, kama kutembea kwa haraka, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Pilates inaingia kwenye fungu hilo la pili. Kutembea bado kunakudai. Na anayekuahidi kwamba itayeyusha kitambi peke yake anakuuzia kitu.

Kabla ya yote: nani asubiri kwanza

Zungumza na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kama una mifupa iliyopungua uzito, umefanyiwa upasuaji karibuni, una mimba, ulijifungua juzijuzi, au una shinikizo la damu lisilodhibitiwa. Mwenye mifupa dhaifu anapaswa kuepuka mazoezi ya kukunja mgongo kwa mbele kwa nguvu na yale ya kubingirika, kwa sababu mgandamizo huo unaweza kuvunja pingili. Mjamzito, kuanzia miezi ya kati, asilale chali kwa muda mrefu. Mwenye presha asibane pumzi kamwe.

Kama maumivu ya kiuno yanashuka mguuni pamoja na ganzi au udhaifu, nenda ukapimwe kwanza. Na ukiona mkojo au haja kubwa havizuiliki, au ganzi imeingia sehemu za siri, hiyo ni dharura, mkeka usubiri.

Hatua ya 1: Tenga dakika kumi, wala si saa nzima

Dakika kumi au kumi na tano kwa siku, siku nne au tano za wiki, zinashinda saa moja ya Jumamosi ambayo huishia kuahirishwa. Zifunge kwenye jambo unalolifanya tayari: kabla ya kuoga asubuhi, au mara tu unapobadili nguo za kazi. Ukisubiri upate nafasi, hutaipata.

Mkeka uwe mnene kiasi cha kutoumiza pingili unapolala chali. Blanketi lililokunjwa linatosha kabisa. Fanya bila viatu. Tumbo lisiwe limejaa.

Hatua ya 2: Pumzi

Hapa ndipo wengi hupita haraka, na hapa ndipo ningependa ukae wiki nzima ya kwanza.

Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo zimetulia sakafuni kwa upana wa nyonga. Weka viganja pembeni mwa mbavu za chini. Vuta pumzi kwa pua na uielekeze kwenye viganja, mbavu zipanuke kwenda kando na nyuma. Mabega yasipande. Watu waliozoea kuhema kwa kifua cha juu huona jambo hili gumu kwa siku kadhaa, na wengine hupata kizunguzungu kidogo kwa kujitahidi kupita kiasi; ikitokea, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida kwa dakika moja.

Sasa toa pumzi kwa mdomo, polepole, kama mtu anayepuliza kioo kiingie ukungu ili akifute. Mbavu zinajifunga, na chini ya kitovu utahisi kitu kikijivuta kuelekea ndani bila wewe kukilazimisha. Huo ndio msuli tunaoutafuta. Uongezee msaada mdogo: inua taratibu misuli ile ambayo ungeitumia kuzuia mkojo, kisha vuta sehemu ya chini ya tumbo kuelekea mgongoni. (Usifanye jaribio hili ukiwa unakojoa, kukatakata mkojo kila mara hakuna faida.) Nguvu ya kukaza isizidi tatu kwa kumi. Kipimo changu ni rahisi: jaribu kuongea. Kama sauti inatoka imebanwa, umekaza mno.

Rudia pumzi nane hadi kumi. Ukivuta, legeza, ukitoa, kusanya. Kulegeza ni nusu ya zoezi. Mtu anayekaza tumbo saa zote anajitafutia matatizo mengine, kuanzia shingo ngumu hadi sakafu ya nyonga iliyochoka.

Hatua ya 3: Tafuta nyonga iliyotulia katikati

Ukiwa bado umelala, weka sehemu ya chini ya viganja juu ya mifupa miwili ya mbele ya nyonga, na ncha za vidole zielekee kwenye mfupa wa kinena. Mikono imechora pembetatu. Vuta kinena kuelekea kitovu, mgongo ujibane sakafuni. Kisha fanya kinyume, kiuno kiinuke. Endelea kwenda na kurudi, ukipunguza mwendo kila mara, mpaka pembetatu ilale sawa. Chini ya kiuno kutabaki uwazi mdogo, wa kupitisha vidole tu. Hapo ndipo katikati, na mazoezi mengi yatakayofuata yanaanzia hapo.

Hatua ya 4: Mazoezi sita

Yafanye kwa mpangilio huu. Ukipungukiwa na muda, chagua matatu.

*Daraja.* Kutoka kwenye mkao uleule, vuta pumzi ya kujiandaa. Ukitoa pumzi, kunja kwanza kinena kuelekea kitovu, kisha nyanyua mgongo kutoka sakafuni pingili baada ya pingili mpaka mwili uwe mstari mmoja kutoka mabegani hadi magotini. Vuta pumzi ukiwa juu. Toa pumzi ukishuka, ukianza na sehemu ya kifua, kiuno kikifuata, makalio ya mwisho. Mara sita hadi nane. Mwanzoni utagundua kipande cha mgongo kinachoshuka kwa mkupuo, kana kwamba pingili tatu zimegandana. Punguza mwendo hasa hapo. Nyuma ya mapaja ikibana mkakamao, sogeza visigino karibu zaidi na makalio.

*Kugusa kwa kidole.* Inua mguu mmoja kisha wa pili mpaka magoti yawe juu ya nyonga, pembe ya mraba. Ukitoa pumzi, shusha mguu mmoja uguse sakafu kwa ncha ya kidole, ukivuta, urudishe. Badilisha mguu. Mara sita kila upande. Zoezi hili linaonekana la kitoto, na ni la kufichua mambo: tumbo likivimba kwenda juu au ule uwazi mdogo wa chini ya kiuno ukiongezeka, misuli ya ndani imeshindwa na mgongo umebeba. Shusha nusu njia tu, au bakiza mguu mmoja sakafuni. Mama aliyejifungua aliangalie hasa tumbo lake hapa. Likichomoza katikati kama mgongo wa paa la nyumba, apunguze zoezi na amwone mtaalamu wa fiziotherapia.

*Mia.* Hili ndilo maarufu kuliko yote. Mikono imenyooka kando ya mwili, sentimita chache juu ya sakafu, unaipigapiga juu na chini kwa mwendo mdogo: mapigo matano ukivuta pumzi, matano ukitoa. Mizunguko kumi hufikia mapigo mia. Katika umbo lake kamili, kichwa na miguu huwa hewani. Wewe anza na kichwa chini, nyayo sakafuni, na mizunguko minne. Haraka ya kuinua kichwa ndiyo inayowafanya watu waseme Pilates iliwaumiza shingo.

*Kulala ubavu.* Lala ubavu, kichwa juu ya mkono, nyonga moja juu ya nyingine, magoti yamekunjwa. Visigino vikiwa vimegusana, fungua goti la juu bila kuiacha nyonga ibingirike nyuma. Mara kumi kila upande. Misuli ya pembeni mwa nyonga ndiyo inayokuzuia usiyumbe kila unapoinua mguu kutembea.

*Miguu minne.* Simama kwa viganja na magoti. Kwanza kunja mgongo kuelekea juu ukitoa pumzi, kisha urudishe usawa, mara tano. (Mwenye mifupa dhaifu aruke sehemu hii.) Halafu nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, ushikilie kwa pumzi moja, ubadilishe. Mguu usipande juu ya usawa wa nyonga. Kinachopimwa ni utulivu wa kiwiliwili, kimo cha mguu hakina maana yoyote.

*Kulala kifudifudi.* Viganja chini ya paji la uso. Vuta makombe ya mabega yateremke kuelekea kiunoni, kisha inua kichwa na kifua kidogo tu huku macho yakiangalia sakafu. Mara sita. Kwa wanaokaa wameinama kutwa, hili ndilo zoezi nisilowaruhusu kuruka.

Maumivu ya kuchoma, ya kuingia kwenye kiungo au ya kushuka mguuni ni amri ya kuacha. Misuli kutetemeka au kuwaka moto kidogo ni kazi ya kawaida.

Hatua ya 5: Itoe mkekani

Baada ya wiki mbili hivi mwili utakuwa umeijua pumzi na ile nyonga ya katikati. Sasa anza kuvitumia. Usijaribu yote kwa pamoja. Chagua jambo moja la siku yako, likae wiki, kisha ongeza lingine.

Anza na kiti, kwa kuwa ndicho kinachokula saa nyingi. Kalia mifupa miwili ya makalio, utaihisi ukijiyumbisha kushoto na kulia. Nyayo ziguse sakafu. Huhitaji kukaa wima kama askari saa nane. Mkao wowote ukishikiliwa mno huchosha, hata ule mzuri. Cha muhimu ni kubadilika. Kila nusu saa fanya pumzi tatu za mbavu, geuza kifua kushoto na kulia ukiwa umekaa, kisha inuka. Na kuinuka kwenyewe kuwe zoezi: sogea mbele ya kiti, nyayo zirudi chini ya magoti, inamia mbele kutoka nyonga, toa pumzi, simama bila kusukuma kwa mikono. Keti kwa mwendo uleule, usijitupe. Ukihesabu mara unazokaa na kusimama kwa siku, hapo kuna mazoezi ya mapaja na makalio ya bure kabisa.

Kuinua mzigo kunafuata. Sogea karibu nao, kunja nyonga na magoti, uulete mwilini, kisha toa pumzi *wakati* wa kuinua. Watu wengi hufanya kinyume: hubana pumzi, wanasukuma tumbo nje, na presha yote inakwenda kiunoni na chini kwenye sakafu ya nyonga. Ukimpakata mtoto, ukihamisha meza au ukinyanyua begi la safari, kanuni haibadiliki. Hata kabla ya kukohoa au kupiga chafya, kusanya sakafu ya nyonga kwanza. Wanaovujwa na mkojo kidogo wanapokohoa hupata nafuu kubwa kwa tabia hiyo, pamoja na mazoezi ya kawaida ya misuli hiyo.

Ukipiga mswaki, simama kwa mguu mmoja, dakika moja kila upande. Karo (sinki) iwe jirani uishike ukiyumba. Ukishazoea, geuza kichwa polepole huku umesimama, utaona mizani inavyokuwa ngumu ghafla. Kwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi, Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya mizani na nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki ili kuzuia kuanguka, na kwangu hii ndiyo njia isiyohitaji kukumbushwa.

Ngazi: weka unyayo wote kwenye kidato, goti lielekee kwenye kidole cha pili cha mguu, mwili upande juu bila kuegemea reli. Foleni: gawa uzito sawa kwenye miguu yote miwili, legeza magoti yaliyojifunga. Simu: iinue ifikie macho badala ya kuishusha shingo. Begi la bega moja: badilisha bega.

Hatua ya 6: Jua unaelekea wapi

Usijipime kwa mizani ya uzito wala kwa kioo. Chukua vipimo vya maisha: unaweza kuvaa soksi ukiwa umesimama? Sekunde ngapi kwa mguu mmoja? Kiuno kinaanza kulalamika baada ya saa ngapi za kukaa? Andika majibu siku ya kwanza, urudie baada ya wiki sita hadi nane.

Mazoezi yakiwa mepesi, usiongeze hesabu. Ongeza ugumu: daraja kwa mguu mmoja, mia kwa miguu hewani, kugusa kwa miguu yote miwili pamoja. Au punguza mwendo zaidi, ambayo mara nyingi ni adhabu kubwa kuliko uzito wowote.

Ukitaka mwalimu, jua kwamba mwaka 2000 mahakama ya shirikisho huko New York iliamua kuwa "Pilates" ni jina la kawaida la aina ya mazoezi, wala si alama ya biashara ya mtu. Kwa hiyo yeyote anaweza kulibandika mlangoni. Muulize alisomea wapi na kwa muda gani, kama alisimamiwa akifundisha, na angebadilisha nini kwa mtu mwenye tatizo kama lako. Jibu la swali hilo la mwisho litakuambia mengi kuliko cheti. Vikao viwili au vitatu vya ana kwa ana vinatosha kurekebisha makosa ambayo video haiwezi kuyaona.

Akikupeleka kwenye riforma, ile mashine yenye kitanda kinachoteleza, usishangae akikuwekea springi nyepesi halafu ukatetemeka. Springi nzito hukushikilia. Nyepesi, katika mazoezi mengi, hukuachia kazi ya kukizuia kitanda kisikukimbie, na kazi hiyo hufanywa na misuli ileile uliyoanza nayo kwenye blanketi.